Kufuga na Kufunga

Mpwa wangu mmoja, ambaye amekaa Marekani kwa miaka mingi, alikuja Ngara kutusalimia wakati wa Krismasi. Jioni ya pili, tulipokuwa barazani tukisubiri chakula, alitoa simu akanionyesha picha ya mnyama anayemfuga huko. Nilitazamia kuona mbwa, au pengine paka. Nikaona nyoka. Alikuwa chatu mdogo wa rangi ya kahawia mwenye mabaka ya manjano, amejiviringa ndani ya sanduku la kioo, juu yake taa, ubavuni bakuli la maji. Mke wangu, aliyekuwa akipita na sufuria ya maharage, aliinama akatazama, akaiweka sufuria sakafuni, akaenda zake bila kusema neno. Ilibidi niibebe mimi hadi mezani.

"Mjomba," akasema mpwa wangu, "huyu ni bora kuliko mbwa wako. Habweki, hanuki, hana viroboto, hana kichaa. Anakula mara moja kwa wiki mbili. Na nikisafiri siku kumi, nikirudi hanilaumu."

Usiku ule nilimjibu vibaya. Nilimtolea methali kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kwa kuwa mimi ni mjomba wake na tena mwalimu mkuu mstaafu, kijana akanyamaza kwa adabu. Lakini methali si hoja. Hakuumwa na nyoka yeye, wala mimi sikuumwa. Tangu arudi kwao nimeyafikiri upya maneno yake, na ninataka kumjibu hapa kama mtu anavyomjibu mtu mzima mwenziwe.

Kwanza nikiri kwamba yote aliyoyasema ni kweli, au karibu yote. Nyoka hapati kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ni wa wanyama wenye kunyonyesha. Kula mara moja kwa wiki mbili si muujiza wala si kiasi cha kumsifia mtu kwa utawa. Mbwa, kama wewe na mimi, anakichoma chakula chake usiku na mchana ili mwili ubaki na joto lake, nyuzi 38 au 39, hata kama nje kuna umande wa Juni katika vilima vya Rulenge. Reptilia hana tanuru hiyo ndani yake. Anaazima joto kwa jua au kwa jiwe lililoota jua, na kwa hiyo chakula kidogo kinamtosha kwa muda mrefu. Ndiyo maana ya ile taa juu ya sanduku. Nilimwuliza mpwa wangu umeme ukikatika inakuwaje, akacheka akasema huko haukatiki. Basi hapa kwetu hoja hiyo ingekufa jioni ya kwanza.

Kuhusu usafi, hapo alipunguza ukweli kidogo. Wamarekani wenyewe walipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe wadogo ambao gamba lao halijafika urefu wa sentimita 10 hivi, kwa sababu watoto waliwashika, wakawatia hata mdomoni, wakaugua kuhara kwa vijidudu vya salmonela ambavyo reptilia wengi huvibeba bila wenyewe kuugua. Anayemshika nyoka na anawe mikono. Hilo ni jambo dogo, ninalipita.

Lakini nimefundisha Kiswahili miaka mingi mno kuweza kupita jambo jingine. Ndugu msomaji, yasome tena maneno ya mpwa wangu: habweki, hanuki, hana viroboto, hana kichaa, hanilaumu. Takribani kila sifa aliyompa mnyama wake imebeba kiambishi cha kukanusha. Sentensi moja tu ndiyo yakinishi, ile ya kula, na hata hiyo ni sifa ya kula kidogo. Mwanafunzi wa darasa la sita angeniletea insha iitwayo "Rafiki Yangu" yenye sentensi za namna hiyo, ningemrudishia nimwambie: umenieleza asiyoyafanya rafiki yako, sasa nieleze anayoyafanya. Mtu akimsifu mke wake kwamba hasemi, hali sana, wala haulizi nilikokuwa, utajua kwamba mtu huyo hakuwa akitafuta mke.

Haya si mambo ya kumcheka. Nadhani yalinionyesha upweke wa kijana wetu kuliko barua zake zote. Anatoka kazini usiku, anaishi ghorofani, jirani hamjui, mwenye nyumba hataki mbwa. Katika maisha ya namna hiyo mtu hutafuta kiumbe kisichodai. Namhurumia. Hata hivyo kuhurumia si kukubali kwamba nyoka ni bora kuliko mbwa, wala kwamba alichokuwa akikifanya ni kufuga.

Katika lugha yetu kati ya kufuga na kufunga kuna herufi moja tu. Sidai kwamba maneno hayo yana asili moja. Hiyo ni kazi ya wataalamu wa lugha. Nasema tu kwamba sikio lililoyasikia yote mawili linapewa kazi ya kuyatenga. Kipimo changu ni rahisi. Fungua mlango, usimwite mnyama, kaa kimya utazame. Mwenye kuondoka akarudi, huyo umemfuga. Asiyerudi ulikuwa umemfunga tu, hata kama sanduku lilikuwa la kioo safi na taa ya bei kubwa.

Chatu wa mpwa wangu ni wa aina inayotoka Afrika Magharibi. Wanauzwa kwa wingi kutoka Ghana, Togo na Benin kwenda Ulaya na Marekani. Wazungu wamempa jina la mpira, kwa sababu hujikunja akawa duara na kichwa akakificha katikati. Wapenzi wake husema ni mpole sana. Lakini kujikunja huko ni namna yake ya kuogopa. Ndivyo anavyojikinga porini anapotokewa na adui. Basi yule anayemnyanyua, akamwona amejikunja kiganjani, akasema tazama alivyotulia, anasifu hofu akidhani ni mapenzi.

Nao waliofunguliwa mlango walifanya nini? Huko Florida, chatu wakubwa wa Burma waliotoroka au kuachiwa na waliokuwa wakiwafuga waliingia katika vinamasi vya Everglades, wakazaana hata wakawa janga kwa wanyama wa huko, na mwaka 2012 serikali ya Marekani ikakataza kuwaingiza nchini. Sijasikia hata mmoja aliyerudi kugonga mlango wa mwenyewe.

Nisije nikadhaniwa nawadharau reptilia. Kobe humtambua anayemlisha, humfuata hata kwa hatua zile za mzee. Wako kobe wakubwa katika kisiwa cha Changuu, mbele ya mji wa Zanzibar, ambao wa kwanza wao, wanne, waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Walizaana vizuri, kisha wezi wakawamaliza karibu wote kabla ya kuwekewa ulinzi katika miaka ya 1990, maana kobe mwizi akimbeba hapigi kelele. Mpwa wangu angalitia hilo katika hesabu ya kutobweka.

Mimi mwenyewe niliwahi kuwa na kobe shuleni. Wanafunzi wa darasa la tano walimwokota wakikata kuni, wakamleta kwa somo la sayansi, nikawaruhusu wamjengee uzio wa fito nyuma ya ofisi. Walimpa mchicha, walimpa maganda ya ndizi, alikula vizuri. Lakini kila asubuhi alikwenda upande mmoja wa uzio, ule ulioelekea porini alikookotwa, akatembea kando yake kwenda na kurudi, mpaka nyasi zikaisha pale na udongo ukawa na mfereji kama njia ya ng'ombe. Watoto waliandika katika madaftari yao kwamba kobe anapenda mazoezi. Nilisahihisha madaftari yale bila kuweka alama ya kosa, na wiki iliyofuata niliwaambia wamrudishe walikomtoa.

Watu wa kwetu watasema mambo ya kuishi na nyoka ni ya Wazungu. Si kweli. Wanaotoka Buddu, ng'ambo ya mto Kagera, wanajua kwamba zamani huko kulikuwa na hekalu la chatu aliyeitwa Selwanga, wavuvi wakimwendea ili wapate samaki, naye akipewa maziwa. Na Wasukuma wana chama chao cha Bayeye, mabingwa wa nyoka, wanaojua dawa za kuumwa na nyoka na wanaocheza ngoma na chatu shingoni. Ukienda makumbusho ya Bujora, karibu na Mwanza, utaelezwa habari zao pamoja na ushindani wa Bagika na Bagalu katika ngoma.

Wasukuma walipohamia Biharamulo na mifugo yao walikuja pia na ngoma hizo. Nilifundisha Biharamulo kabla ya kuhamishiwa Ngara, na siku ya Saba Saba mwaka 1983 nilimwona mchezaji mmoja hodari sana. Alimzungusha chatu kiunoni, akamtia kichwa karibu na kinywa chake, akapiga magoti, akainuka, ngoma ikimfuata yeye na si yeye kuifuata ngoma. Kama ngoma, ilikuwa kazi ya fundi; watoto wangu wa shule walipiga kelele mpaka sauti zikawakauka. Baadaye nilimkuta amekaa kivulini, chatu yuko kapuni, mfuniko umefungwa kwa kamba. Nikamwuliza, kwa ujinga wangu, kama nyoka huyo amemzoea. Akanitazama kama anayetazama mtoto. "Mwalimu," akasema, "huyu hanijui. Mimi ndiye ninayemjua."

Sijasikia uhakiki ulio bora kuliko huo juu ya jambo hili. Yule bwana alikuwa ameishi na nyoka tangu ujana, baba yake alimfundisha, na mkate wake ulitoka kwao. Hata hivyo hakujidanganya. Alijua saa ambayo chatu ameshiba na saa ambayo hapaswi kuguswa. Heshima yake yote ilikuwa katika kukubali kwamba upande wa pili hakuna mtu wa kumheshimu. Mpwa wangu, mwenye taa na kipimajoto, hajafika alikofika mzee yule.

Tena liko jambo ambalo mzee yule hakulifanya: hakumaliza pori. Katika msitu wa Kimboza, chini ya milima ya Uluguru, yuko mjusi mdogo wa buluu, uzuri wake kama shanga, ambaye hapatikani ila katika sehemu chache mno za huko Morogoro. Anaishi katika majani ya miti ya jamii ya mkadi. Wakamataji waliikata miti yenyewe ili wampate, akapelekwa Ulaya kwenye visanduku vya kioo kwa maelfu, mpaka mwaka 2016 mkutano wa mataifa uliofanyika Johannesburg ukakataza biashara ya mijusi hao wa porini. Mwaka huohuo serikali yetu ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Mbwa hana pori linalokatwa ili apatikane. Yuko pamoja nasi kwa zaidi ya miaka 14,000, kabla hatujalima hata shina moja la mtama, na pori lake ni kizingiti cha nyumba.

Mpaka hapa nadhani nimemshinda mpwa wangu. Shida ni kwamba kipimo nilichokiweka kinanipima na mimi.

Tuanze na kichaa, maana alikitaja. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote, 99 kwa 100, wameambukizwa na mbwa. Chanjo imekuwepo tangu Pasteur mwaka 1885. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukatika katika eneo. Na aliyeng'atwa akiosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akachanjwa upesi, huokoka. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Mwanafunzi wangu mmoja, mvulana wa darasa la tatu, aling'atwa mkononi na mbwa koko njiani kwenda kisimani. Alikopelekwa hakukuwa na chanjo. Nilimwona siku ambayo alianza kuogopa maji. Sitaandika zaidi juu ya hilo, ila mtu akija kuniambia mbwa ni rafiki wa binadamu bila kuniambia mbwa wake amechanjwa lini, simsikilizi.

Halafu tazama tunavyowaweka. Katika wilaya zetu hizi mwenye nyumba nzuri humnunua mbwa, humjengea banda la mabati ambalo hawezi kugeuka, humfungia humo tangu alfajiri hadi saa nne usiku ili awe mkali, na humtupia ukoko wa ugali. Wahangaza wa zamani waliwinda na mbwa wao, wakawavisha njuga shingoni, mbwa na mtu wakirudi na uchovu mmoja. Sisi tumebaki na mnyororo. Ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Sijamwona mtu aliyeulizwa habari zake juu ya mbwa. Tena "mbwa wewe" ni tusi letu la kwanza, na pwani wana methali yao kwamba ukimzoea mbwa huingia naye msikitini. Haya yote nayajua kwa sababu nami nilikuwa na mnyororo.

Usiku wa tarehe 28 Aprili 1994 watu walianza kumiminika kwenye daraja la Rusumo, na katika saa 24 walivuka wapatao 250,000. Waliotoka Ngara wakati huo hawahitaji kuelezwa, na wengine siwezi kuwaeleza. Mto Kagera ulileta maiti hata watu wakaacha kula samaki. Na habari nyingine ilivuka pamoja na watu: kwamba huko Rwanda mbwa walikuwa wakila maiti, na kwamba askari walikuwa wakiwapiga risasi. Habari hiyo ilikuwa ya kweli.

Mwezi Mei mbwa jike mwekundu, mwenye miguu ya mbele myeupe, alijilaza chini ya dirisha la nyumba yangu ya shule, karibu na barabara iendayo Rusumo. Mbavu zilihesabika. Alikuja na nani sijui. Wanafunzi walimwita Mkimbizi. Siku ya tatu balozi wa nyumba kumi alikuja na wazee wawili. "Mwalimu," wakaniambia, "huyo amekula watu." Niliuliza nani aliyemwona. Hakuna aliyemwona. Walisema mgambo wako tayari kummaliza bila gharama yoyote. Tulibishana, mwishowe tukapatana: abaki, lakini afungwe mchana na usiku, asionekane barabarani.

Nilikubali upesi mno. Nilijiambia nimeyaokoa maisha yake, na ni kweli. Lakini nilikuwa mwalimu mkuu, mtu anayesikilizwa, na ningeweza kusema zaidi. Sikusema kwa sababu nami, ndugu msomaji, sikuwa na hakika. Kila nilipompelekea ugali nilimtazama mdomo. Kwa miaka miwili na miezi saba alikaa kwenye mnyororo wa mita mbili, akachimba duara kuzunguka mti wa mparachichi, na mimi kila asubuhi nilipita nikielekea gwaride kuwafundisha watoto kwamba mtu hahukumiwi bila ushahidi.

Desemba 1996 ilitangazwa kwamba wakimbizi wa Rwanda warudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi. Baada ya siku za kwanza za mashaka, wengine wakikimbilia ndani zaidi na kurudishwa na askari, barabara ikajaa watu, magodoro, baiskeli, sufuria, watoto mgongoni, wote wakielekea Rusumo. Shule ilikuwa imefungwa. Mke wangu alisimama mlangoni kwa muda mrefu, kisha akaniambia, "Baba, mfungue huyo aende na watu wake."

Nilimfungua saa mbili asubuhi. Hakuelewa, alitembea mita mbili akasimama, kama aliyefika mwisho. Kisha akaenda. Alishuka hadi barabarani, akakaa juu ya kalavati. Nilimwona tangu barazani. Watu walipita siku nzima, na yeye alikuwa akinyanyuka, akinusa miguu ya mmoja, akifuata kundi hatua ishirini au thelathini, akirudi kwenye kalavati. Mara moja aliifuata familia yenye mbuzi hata nikampoteza machoni, nikasema basi, imekwisha.

Giza lilipoingia alipanda njia ya shule. Alikunywa maji kwenye beseni, akanywa mengi, akaenda kulala chini ya mparachichi pale pale alipochimba, shingo kando ya mnyororo. Mpwa wangu, ambaye sikumweleza habari hii, angaliniambia kwamba alirudi kwa sababu ya ugali, na sina ushahidi wa kumpinga. Sikumfunga tena. Wazee hawakuja kuuliza. Walikuwa na mambo mengine wiki ile. Mnyororo ulikaa chini ya mti mpaka mwaka mpya, ndipo mke wangu alipouokota, akausugua kwa mchanga, akaufunga kati ya nguzo mbili za jikoni kuwa wa kuanikia nguo.